Transfoma ya Treni ya Baba

Baba alipohamia kwangu Bariadi alikuja na sanduku la bati, kiti chake cha kamba, na mazoea ya stesheni. Mama alikuwa amefariki wakati watu wanavuna mpunga, na sisi watoto tulikubaliana kwamba baba hawezi kubaki peke yake Malampaka, katika ile nyumba iliyo karibu na reli kiasi kwamba tukiwa wadogo tuliweza kusoma maandishi ya mabehewa tukiwa tumekaa mezani. Alikubali kuhama bila kubisha. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angekataa, maana baba ni mtu wa kubisha.

Alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Watu walimwita mshika bendera, ingawa kazi zake zilikuwa nyingi. Aligeuza njia ili treni ya mizigo ipishe ya abiria. Alijaza mafuta kwenye taa za ishara. Msimu wa pamba, malori yalipofika kutoka Lingeka na vijiji vingine vya Meatu, alisimamia marobota yakipakiwa hadi behewa la mwisho, akirudi nyumbani na nyuzi nyeupe kwenye nyusi. Na treni ya abiria ilipokuwa tayari kuondoka, yeye ndiye aliyesimama jukwaani akainua bendera ya kijani.

Sisi tulikulia kwenye vitanda vinavyotetemeka. Treni ikipita, vikombe viligongana kabatini, na mama, ambaye alikuwa mtu wa maneno mengi kutoka Ipililo, alinyamaza katikati ya sentensi, akasubiri behewa la mwisho lipite, kisha akaendelea palepale alipoishia. Wageni walishangaa. Kwetu hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo.

Bariadi haina reli. Nyumba yangu iko kando ya barabara, na chumba cha mbele ndicho duka langu, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na nguo za vitenge. Baba aliweka kiti chake barazani na kukaa akitazama pikipiki, malori ya ng'ombe na wanawake wenye mabeseni ya nyanya. Asubuhi alisalimiana na wapita njia kwa Kisukuma, mwangaluka kwa kila mmoja, na baada ya hapo hakuwa na la kufanya. Siku moja aliniambia, kama mtu anayetoa malalamiko ofisini:

"Hapa vitu vinapita ovyo tu, mayu. Havina ratiba."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto, kama wanavyofanya wazee wengi wa kwetu kwa binti zao.

Nilimweleza mdogo wangu wa kiume, ambaye anaendesha lori Dar es Salaam. Nilimwambia baba anapungua. Hali chakula vizuri, hasemi, anatazama barabara. Mdogo wangu akasema atafikiria. Baadaye akapiga akiwa na sauti ya furaha.

"Dada, nimemnunulia baba treni."

"Treni gani?"

"Ya umeme. Ndogo, injini inaenea kiganjani. Ina reli zake na mabehewa. Nimeikuta kwenye vitu vya mtumba."

"Baba mzee yule umnunulie kitu cha kuchezea?"

"Mpe tu. Akiikataa, niite mpumbavu."

Boksi lilikuja kwa basi. Baba alikata kamba zake kwa mkasi wangu wa vitambaa, ambao siruhusu mtu autumie kukatia kitu kingine, nami nikamwacha. Alitoa vipande vya reli akavipanga sakafuni kwa urefu. Akatoa mabehewa ya abiria yenye madirisha ya kweli, ukichungulia unaona viti. Mwisho akatoa injini, nyekundu, mfano wa zile za dizeli. Aliigeuza chali na kuzungusha gurudumu kwa ukucha. Kisha akaomba kitambaa, nikampa kipande cha pamba, akaanza kufuta vumbi behewa moja baada ya jingine. Alifuta mpaka nikamwita kula, na hakuja.

"Hii wameitengeneza watu wanaoijua kazi," alisema jioni hiyo. "Tazama breki. Wameweka hata mabomba ya breki."

Kisha akauliza, "Umeme wake unaingilia wapi?"

Reli moja ilikuwa na nyaya mbili zilizokatika na kuning'inia. Nilimpigia mdogo wangu. Alisema muuzaji alimwambia kwamba treni hiyo hutumia transfoma, lakini ndani ya boksi haikuwemo, itabidi tuitafute. Nilipomweleza baba, aliinua macho akatazama nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara, ambako kuna lile dude kubwa la kijivu la mtaa mzima.

"Transfoma ile?"

"Siyo ile, baba. Ndogo yake."

Tulicheka wote wawili. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Seremala wa jirani alitupatia ubao mpana wa plaiwudi, tukauweka juu ya meza yangu ya zamani ya kukatia. Baba akajenga Malampaka. Aliunganisha reli ikazunguka ubao mzima, akaweka njia ya pembeni ya treni za mizigo, na kwa maboksi ya nyuzi alitengeneza jengo la stesheni, ghala la pamba, tangi la maji na nyumba yetu. Alinifanya nimkatie kipande cha kitenge cha kijani kiwe bustani ya mama ya mchicha. Kila kitu kilikaa mahali pake, isipokuwa treni ilisimama tu.

Jirani yetu wa bodaboda ndiye aliyetoa wazo la kwanza. Alisoma chini ya injini akaona imeandikwa volti kumi na mbili, akasema, "Mzee, hizi ni volti za betri yangu." Akachomoa betri ya pikipiki, akashikiza nyaya.

Treni ilirushwa kama jiwe la manati. Ilipita stesheni bila kuiangalia, ikafika kwenye kona na kuruka nje ya reli pamoja na mabehewa yake, ikaangukia kwenye rundo la sare za shule nilizokuwa nimezikunja. Jirani alipiga makofi. Baba aliokota injini, akaipuliza, akakagua kila gurudumu.

"Abiria wote wamekufa," alisema.

"Lakini inatembea, mzee wangu!"

"Hiyo si kutembea. Hakuna dereva anayetoka stesheni namna hiyo."

Jirani alijaribu tena kwa chaja ya simu aliyoikata waya. Safari hii injini ilijikokota, na tulipoifungia mabehewa ikasimama kabisa, ikinguruma kwa uchungu. Chaja ya simu haina nguvu ya kuvuta. Betri ina nguvu lakini haijui kiasi. Baba alikaa kwenye kiti chake akiangalia mguu wangu.

Nilikuwa nashona. Cherehani yangu ina mota, na mguu wangu ulikuwa kwenye pedali.

"Mayu," alisema. "Hiyo mashine yako mbona haianzi kwa kuruka?"

"Nakanyaga kidogo, inaanza kidogo. Nikikanyaga sana inakimbia."

"Fanya nione."

Nikafanya. Sindano ikapanda na kushuka taratibu sana, kisha haraka, kisha taratibu tena. Baba aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na gurudumu la cherehani. "Hicho ndicho tunachotafuta," alisema. "Transfoma yenye mguu."

Tulikwenda dukani siku iliyofuata, tukiwa na injini iliyofungwa kwenye leso na vipande vya reli ndani ya mfuko wangu wa vitambaa. Duka la vifaa vya umeme ninalolifahamu ni la baba mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa Kigoma aliyekaa Bariadi muda mrefu hata anajibu salamu za Kisukuma vizuri kuliko vijana wetu. Anauza nyaya, taa na betri za sola, na nyuma ya kaunta anatengeneza redio. Baba alimsalimu, wakaulizana habari za nyumbani, za mvua na za pamba, na hapo ndipo baba akafungua leso.

Mwenye duka aliitazama injini akatabasamu polepole. "Mzee wangu, hii sijawahi kuletewa."

Tulimweleza shida. Alitandika reli juu ya kaunta, wateja wakasogea, na tukaanza kujaribu alivyokuwa navyo.

Kwanza alitoa transfoma aliyoichomoa kwenye redio ya zamani, nzito, imefungwa karatasi ya rangi ya chai. Akaunganisha. Injini ikalia mmm, kama nyuki ndani ya chupa, bila kusogea hata kidogo, na baba alipoigusa akasema inapata joto. Mwenye duka akaichomoa haraka.

"Nimekosea," alisema. "Huu ni umeme wa ukutani uliopunguzwa tu. Unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Injini yako haijui iende mbele au nyuma. Inataka umeme wa namna ya betri, unaokwenda upande mmoja."

"Na pedali ya cherehani ya binti yangu?"

"Hiyo ni ya umeme wa ukutani pia, mzee. Ukiifunga hapa utaiua injini, na wewe mwenyewe utapigwa shoti."

Kisha akaleta chaja ya betri za gari, dude la chuma lenye koleo nyekundu na nyeusi. Hii, alisema, ina umeme wa upande mmoja na nguvu ya kuvuta treni hata tano. Injini iliruka na kukimbia hadi mwisho wa reli, ikageuka ubavu, na magurudumu yake ya chuma yakalala juu ya reli zote mbili. Cheche zilitoka, tukasikia harufu ya waya unaoungua, na mwenye duka akavuta plagi kwa nguvu hata stuli yake ikaanguka. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua balbu alitoka nje na kuendelea kutuangalia akiwa mlangoni.

"Umeona?" mwenye duka alisema akihema. "Treni ikianguka, reli mbili zinagusana. Nguvu kubwa isiyojikata yenyewe itakuchomea nyumba. Binti yako ana vitambaa mle ndani."

Baba aliitikia kwa kichwa, na niliona ameelewa vizuri kuliko mimi. "Hata reli ya kweli iko hivyo," alisema. "Kitu cha kwanza si kwenda. Cha kwanza ni kujua itasimamaje mambo yakiharibika."

Cha tatu kilikuwa adapta ndogo nyeusi yenye swichi ya kuchagua volti: tatu, nne na nusu, sita, tisa, kumi na mbili. Ilikuwa inafaa. Umeme wake ni wa upande mmoja, na ikizidiwa inazima yenyewe. Mwenye duka alisogeza swichi, na treni ikaondoka. Wateja wakashangilia. Mimi nilikwishatoa pochi.

"Rudia," baba alisema.

Ikarudiwa. Injini ilishtuka, ikaenda. Swichi ikasogezwa, ikashtuka tena, ikaenda haraka zaidi.

"Hapana," baba alisema. "Inaruka. Inapanda kama mtu anayepanda ngazi."

"Mzee wangu, ni mruko mdogo sana."

"Ni mdogo. Ila naona."

"Abiria wako ni wa plastiki, mzee," mwenye duka alisema kwa upole, na watu wakacheka.

Baba hakucheka. Alifunga injini kwenye leso yake, akamshukuru mwenye duka kwa wabeja mbili za Kisukuma, akatoka. Nilibaki kuomba radhi, na mwenye duka akasema hapana, mzee anajua anachotaka, na kwamba zipo transfoma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, zenye kitufe cha kuzungusha kinachoanzia sifuri, ila hapa kwetu hazipatikani. Tutafute Dar.

Nilimkuta baba amekaa kwenye mgahawa wa jirani, ameagiza chai mbili. Nilikuwa nimekereka, sitaficha. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimeacha kazi za watu.

"Baba, ile ilifaa. Unataka nini hasa?"

Alikoroga chai yake ingawa alikuwa hajatia sukari.

"Nataka iondoke polepole. Kama ilivyoondoka na mama yako, alipokwenda Mwanza kukuzaa."

Sikuelewa. Nilijua nimezaliwa Mwanza. Imeandikwa kwenye cheti changu. Nilidhani mama alikwenda kujifungulia kwa ndugu, kama wanawake wengi. Hakuna aliyenieleza zaidi, na mimi sikuuliza.

"Wewe ndiye uliyekuwa mimba ya kwanza," baba alisema. "Mama yako alivimba miguu, akavimba uso, akawa anasema anaona nyota mchana. Nesi wa zahanati akasema apelekwe Mwanza leo hii. Na treni ya abiria ilikuwa inakuja siku hiyo. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mimi nilikuwa peke yangu kazini, mwenzangu ana malaria, na kulikuwa na treni ya mizigo imesimama njia ya pembeni inangoja kuipisha. Nani angegeuza njia? Nikampandisha pamoja na shangazi yako, nikamkalisha dirishani. Halafu nikashuka, na mimi mwenyewe ndiye niliyeinua bendera ya kumwondoa."

Alikunywa chai.

"Dereva nilikuwa nimemwambia. Nilimwambia, ndani kuna mke wangu, hayuko vizuri. Akaitoa treni taratibu, mayu, sijapata kuona treni ikitolewa vile. Hakuna behewa lililogongana na lingine. Mama yako alikuwa ametoa mkono dirishani, nikaushika, nikawa natembea nayo. Natembea tu, kama watu wanaosindikizana. Tukaenda hivyo hadi jukwaa likaisha."

"Alisema nini?"

"Alisema nisisahau kuwafungia kuku."

Nilicheka na macho yakajaa machozi kwa wakati mmoja. Huyo alikuwa mama kabisa.

"Halafu?"

"Halafu nikaenda kugeuza njia. Ya mizigo ilikuwa inangoja."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye akiwa na leso yake mkononi, na mimi nikimtazama kwa pembeni kama mtu niliyetambulishwa kwake asubuhi hiyo. Nilimwona kijana, kofia kichwani, bendera imekunjwa kwapani, anatembea kando ya dirisha. Nami nilikuwa mle ndani ya treni, nikibebwa bila kujua lolote.

Usiku wa siku hiyo mdogo wangu alipata simu yangu na maelezo kamili: umeme wa upande mmoja, volti kumi na mbili, ijikate yenyewe treni ikianguka, na iwe na kitufe kinachoanzia sifuri bila kuruka. Sikumweleza sababu. Hiyo niliona ni ya baba kuisema akitaka.

Alizunguka sana. Hatimaye alimpata Kariakoo mama mmoja mwenye kibanda cha vifaa vya kielektroniki vya mtumba, naye alikuwa na transfoma mbili za treni. Mdogo wangu alitupigia kwa video akiwa palepale, kelele za soko zimemzunguka.

"Baba, shikamoo. Ona, ziko mbili. Hii nyeusi kubwa ina nguvu sana, inaendesha treni tatu kwa pamoja na taa za stesheni zote. Hii ya kijivu ni ndogo, treni moja na taa chache. Mimi nasema chukua kubwa. Kesho ukiongeza injini ya pili?"

"Njia yetu ni moja," baba alisema. "Treni mbili zikutane ili iweje?"

"Lakini baba, nguvu ikibaki si hasara."

"Mwulize mama huyo kama ana injini yoyote ya kujaribia."

Alikuwa nayo, mbovu kidogo, imevunjika paa, lakini inatembea. Baba alichukua simu yangu akaisogeza karibu na miwani. Nyeusi ikajaribiwa kwanza. Kitufe kilizungushwa, hakuna kitu, hakuna kitu, kisha injini ikachomoka. Baba alitoa sauti ya ulimi. Ikafuata ya kijivu. Kitufe kilizungushwa kidogo tu, na mwanzoni nilidhani video imeganda. Kisha nikaona gurudumu. Lilikuwa linazunguka taratibu hata ungeweza kuona alama ya kutu juu yake ikienda chini na kurudi.

"Mwambie aiangushe," baba alisema.

"Aiangushe?"

"Ailaze ubavu kwenye reli."

Yule mama aliilaza injini. Taa ndogo nyekundu kwenye transfoma ya kijivu ikawaka, na kila kitu kikazimika kimya, bila cheche. Aliiinua, akasubiri kidogo, taa ikazima, injini ikaanza tena.

"Hiyo," baba alisema, akanirudishia simu, akaenda kunawa mikono kama mtu aliyemaliza zamu.

Transfoma ilifika imefungwa katikati ya mkungu wa ndizi za kupika, mdogo wangu akihofia isigongwe njiani. Mwenye duka wa umeme alikuja mwenyewe nyumbani kuiunganisha, na hakutaka tumlipe. Akatushauri tuiweke kwenye kifaa cha kulinda friji, kwa kuwa umeme wa kwetu ukikatika hurudi kwa hasira. Ilikuwa alasiri, mlango uko wazi, vumbi la barabara linaingia. Baba alipanga injini na mabehewa mbele ya stesheni ya boksi la nyuzi. Akaniambia nikae kwenye kitufe.

"Mimi? Si uendeshe wewe?"

"Mimi si dereva," alisema.

Akaenda kusimama upande wa pili wa ubao, kwenye jukwaa. Aliinua mkono wake mtupu. Nikazungusha kitufe, kidogo sana, nikiogopa hata kupumua. Treni ikaondoka. Hakuna behewa lililogongana na lingine. Baba aliweka kidole kimoja kwenye dirisha la behewa la pili, akaanza kutembea kando ya meza, hatua ndogondogo za mzee, akiipeleka mpaka mwisho wa jukwaa, na hapo akatoa kidole chake akaiacha iende. Ilipita ghala la pamba, ikapita bustani ya kitenge, ikazunguka kona bila kuyumba.

Mwenye duka, ambaye hakujua chochote, alisema, "Sasa naelewa, mzee. Ile ya kwangu ingekuharibia."

"Ingefaa kwa redio," baba alisema, na akatabasamu.

Jioni hiyo alikula ugali na samaki akaomba nyongeza. Nilimuuliza, tukiwa wawili, mama alirudi vipi kutoka Mwanza. Akasema alirudi kwa treni ileile, na kabla haijasimama aliniinua dirishani kama mtu anayeonyesha tiketi, na yeye baba akachelewa kukunja bendera mpaka mkuu wa stesheni akamfokea. Alinisimulia mengi siku zile. Alinisimulia namna mama alivyoomba abiria wamtupie mbegu za maua za kutoka mbali, na jinsi alivyojua dereva yupi anakuja kwa kusikia honi.

Baadaye dereva mstaafu wa treni, rafiki yake wa miaka yote, alikuja kumtembelea kutoka Malampaka. Mimi nilikuwa na shauku, kwa sababu baba alikuwa amenong'ona kwamba ndiye yule. Nilimpa chai, nikamwacha aitazame treni iondoke mara kadhaa, kisha nikamuuliza kama anaikumbuka siku aliyomchukua mama.

Mzee alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Sikumbuki, mwanangu," alisema. "Nilitoa treni nyingi sana pale."

Nilimtazama baba, nikidhani ataumia. Wala. "Hawezi kukumbuka," alisema. "Kwake ilikuwa kazi. Aliifanya vizuri, basi."

Kisha wakaanza kubishana. Dereva alisema tangi la maji la pale ubaoni limewekwa upande usio wake. Baba akasema alipita kando ya tangi hilo kila siku ya maisha yake. Dereva akasema yeye alikuwa analiona kutoka juu. Walibishana hadi chakula kikapoa, na niliporudi kuchukua vyombo nilimkuta baba amesimama, amenyoosha kidole, sauti imepanda, uso umechangamka. Sikuwatuliza. Nilikaa mlangoni nikasikiliza.

Ikabidi niwapeleke wakajionee. Tulipanda basi hadi Maswa, tukapata gari jingine la Malampaka. Stesheni ipo, imechoka, na upande wa pili wanajenga reli mpya ya kisasa, tuta lake jekundu limenyooka kama limechorwa kwa rula. Wazee walilitazama kwa heshima, wakasema ni kazi nzuri, kisha wakaenda moja kwa moja kutafuta msingi wa tangi la maji. Waliukuta kwenye majani. Haukuwa alipodai baba wala alipodai mwenzake, ulikuwa katikati. Kila mmoja akasema yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi.

Wapangaji wa nyumba yetu ya zamani walitukaribisha maji ya kunywa. Bustanini wamepanda mihogo. Baba aliwasifia mihogo yao.

Tulipofika Bariadi alitoa mfukoni kokoto aliyoiokota relini, akaiweka kando ya reli ndogo. Ilikuwa kubwa kuliko injini yenyewe.

"Hilo jiwe litazuia watu kuona," nilimwambia.

"Liache," alisema. "Washa."

Nikawasha.